Hatua Elfu Tatu Mia Moja na Kumi na Saba

Nyanda Saba ni nchi saba zilizobanana kama ndizi kwenye chane moja, na mgeni akitaka kuzijua asijisumbue na milima wala mito yake, maana milima ni ile ile na mto ni mmoja tu unaobadilishwa jina kila unapovuka mpaka. Awatazame wakuu wake. Bwelelo inaongozwa na mama mnene mpole anayefua leso zake mwenyewe barazani, huku akigombana na majirani kuhusu kamba ya kuanikia. Tamburare ina ndugu mapacha wanaopokezana kiti kila Jumatatu, na hakuna anayejua yupi ni yupi. Mkuu wa Kihongwe alifariki miaka sita iliyopita, ila hajapatikana mtu wa kuthubutu kumwambia. Nchi nyingine tatu tuziache na mambo yao. Ya saba ni Fumbato, na hiyo ndiyo iliyotuketisha hapa.

Fumbato hutawaliwa na Mtukufu Kunjamana wa Tatu, wa ukoo wa Wakunja, ukoo ambao kwa vizazi vitatu haujaonyesha jino mbele ya raia isipokuwa wakati wa kula. Sura yake imechapwa kwenye magunia ya unga, kwenye madaftari ya shule na kwenye mifuniko ya masufuria, hata mama akitaka kuonja mchuzi ni lazima kwanza amwinue Mtukufu kwa kitambaa. Nje ya lango la ikulu imesimama sanamu yake ya shaba, urefu wa minazi miwili, yenye pua ambayo fundi aliipanua makusudi kwa kuwa aliambiwa pua ndogo ni dalili ya dharau. Na chini ya pua hiyo Wafumbato hupita wakinong'ona. Wamenong'ona mpaka wamezoea: mnadi wa sokoni hunadi kwa vidole, wagomvi hugombana kwa macho, na mtoto mchanga akilia karibu na ikulu mama yake humziba mdomo na kuomba msamaha kwa ukuta.

Sasa, kila mwaka masika yakishakatika, Baraza la Nyanda Saba humtuma mpimaji wake, Bwana Kadiri, azunguke nchi zote kupima uhuru. Msicheke, unapimika. Bwana Kadiri ni mtu mwembamba mwenye viatu vizito, asiye na rafiki wala adui. Huegemeza mgongo wake kwenye lango la mkuu, huweka kofia sawa, kisha hutembea kuelekea mjini akihesabu hatua, na kila anayekutana naye humuuliza swali moja tu: “Mkuu wenu hajambo?” Akijibiwa kwa mnong'ono, huendelea. Akijibiwa kwa sifa tupu, huendelea. Akimpata mtu wa kumjibu kwa sauti aliyopewa na Mungu, tena akacheka kicheko cha tumboni mpaka chozi likamtoka, hapo husimama, huchora mstari wa chaki chini, na kuandika hatua zake. Hatua chache, uhuru mwingi. Hatua nyingi, poleni. Bwelelo mwaka jana walipata hatua tisa, na hizo tisa ni kwa sababu mpita njia wa kwanza alikuwa kiziwi. Fumbato walipata elfu tatu mia moja na kumi na saba.

Hesabu hiyo isingemuuma Mtukufu Kunjamana hata kidogo kama isingekuwa karamu. Wakuu saba hukutana kila mwaka kula pamoja, na kila mmoja huketi kwa mujibu wa hatua zake: wa hatua chache kichwani mwa meza, wa hatua nyingi mwishoni kabisa, kwenye kigoda, mlangoni mwa jiko. Mwaka jana Kunjamana alimwagiwa mchuzi wa samaki shingoni mara mbili, na mara ya pili mpishi hakuomba radhi. Hata mkuu wa Kihongwe, ambaye ni maiti, alikuwa amekalishwa viti viwili mbele yake. Kunjamana alirudi nyumbani ananuka samaki, akamwita Waziri Tayari.

Waziri huyu jina lake halisi limesahaulika, alizoea kujibu “Tayari!” kabla hajasikia anaambiwa nini, nalo likamganda. Kwanza alijaribu kulihamisha lango. Alilijenga jipya kule mwisho wa mji, lango tupu lisilo na ukuta, ili mpimaji aanzie huko. Bwana Kadiri alipoulizwa alisema sawa, ila lango ni pale anapopita mkuu kuingia kwake. Basi mwezi mzima Mtukufu akawa anabebwa asubuhi na jioni kwenda kupita kwenye lango lake, akapata mafua yasiyosikia dawa, na lango lile likaachwa. Kisha Waziri akaunda Kikosi cha Vicheko, askari arobaini wa kucheka kwa mdundo wa ngoma karibu na ikulu. Bwana Kadiri aliitwa kuwajaribu mapema, akawasikiliza kwa adabu, akawapapasa mashavu mmoja mmoja, akayakuta makavu kama kuni. “Bila chozi sihesabu,” akasema, akaenda zake.

Huko mwisho wa safari yake ya mwaka jana, hatua ya elfu tatu mia moja na kumi na saba, palikuwa na kibanda cha mihogo ya kukaanga, na mwenye kibanda alikuwa Mwajabu.

Usidhani Mwajabu alikuwa shujaa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mdomo mwepesi na magoti yanayouma, na uhuru wake wote aliupata kwa jirani yake, kiwanda cha ngozi. Uvundo wa kiwanda kile, wewe! Ngozi mbichi, chokaa na maji yaliyolala wiki tatu. Wapelelezi wa Mtukufu walitumwa pale mara nyingi, na kila mmoja alirudi na ripoti ya matapishi. Kwa hiyo Mfumbato mwenye neno lake moyoni alisafiri mpaka kwa Mwajabu, akaagiza mihogo na pilipili, akaziba pua kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti mpaka akatosheka, kisha akarudi mjini kunong'ona. Wengine walipitia kila Ijumaa. Mwajabu aliwasikiliza wote huku anageuza mihogo, akiwatania na kuwachekesha, maana kazi ya kuzaliwa nayo haiachwi.

Lakini miezi kumi na minne hii alichekesha watu yeye mwenyewe hacheki. Mumewe Ngwali alikuwa kifungoni.

Ngwali alikuwa fundi viatu. Siku moja alipeleka makubazi ya ofisa mmoja mjini, akapita chini ya sanamu, hatua arobaini tu kutoka langoni, akainua macho. Shomoro alikuwa anaingia kwenye tundu la pua la Mtukufu akiwa na unyasi mdomoni. Akatoka bila unyasi. Akarudi na mwingine. Anajenga! Ngwali akacheka, masikini ya Mungu, akacheka mpaka akakaa chini na makubazi ya watu, na alipoinuliwa na askari alikuwa bado anaonyesha kidole juu. Wakampeleka Nyumba ya Utulivu, akafungwa mpaka kicheko kimtoke.

Hukumu ya namna hiyo ukiitazama vizuri haina mlango. Akicheka, bado kimo, akinyamaza, anakificha. Kila Jumamosi Mwajabu alipeleka mihogo, akasimama nje ya ukuta na kutega sikio. Miezi ya kwanza alimsikia mumewe akicheka peke yake huko ndani, naye akaenda zake na nguvu ya wiki nzima. Halafu kicheko kikapungua, kikawa kama kikohozi. Miezi mitatu ya mwisho hakusikia kitu, na usiponisadiki nenda kamuulize mwenyewe: alitamani asikie hata mumewe akilia.

Ndipo Waziri Tayari alipofika kibandani, amefunga leso mbili puani, siku nne kabla ya kipimo cha mwaka huu.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” Mwajabu akasema.

“Marahaba, mama, marahaba. Hivi hapa mnaishije?”

“Tunapumua kidogo kidogo. Karibu mihogo.”

“Serikali inakuhitaji, Mwajabu.”

“Serikali imeshamchukua mume wangu. Sasa inataka na mwiko?”

Waziri akakohoa, akaeleza. Alikuwa amezifukua kumbukumbu za kale, akakuta kwamba ukoo wa Wakunja na kabila la Wasaramba walikuwa watani tangu enzi. Na Mwajabu ni Msaramba, si ndiyo?

Ndiyo. Na utani ule haukuwa mchezo. Mtani alikuwa na haki ya kumtukana mtani wake hadharani, kumvua kofia, kuketi kwenye kiti chake, na akifiwa, kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa mpaka msiba ugeuke kicheko. Mwiko ulikuwa mmoja: kukasirika. Anayemkasirikia mtani alihesabiwa amekufa papo hapo. Alilazwa kitandani, akafunikwa shuka, akabebwa huku watani wakimlilia vilio vya uongo, na hakuruhusiwa kushuka mpaka acheke. Kunjamana wa Kwanza alibebwa siku mbili nzima, kwa ugumu wa roho yake, na aliposhushwa amri yake ya kwanza ikawa kuufuta utani.

“Tunaurudisha,” Waziri akasema. “Asubuhi moja tu. Unasimama langoni, unamtania Mtukufu usoni, unacheka na chozi lako, mpimaji anaandika hatua moja au mbili. Saa nne kamili utani unakwisha.”

Mwajabu akageuza mihogo upande wa pili. Bibi yake alimwambia mara nyingi kwamba utani si kibatari, ukiwashe na kukizima. Wakipakana majivu paji la uso watani wawili, wamepakana koo mbili, na vizazi vijavyo haviulizwi tena: utani umewafunga wote, hauna saa ya kwisha. Lakini hilo halikumo kwenye kumbukumbu za Waziri. Mambo mazito hayaandikwi.

“Nataka mawili,” akasema. “Mume wangu aletwe langoni, nimwone, na nikimaliza niondoke naye. La pili, mimi sitanii kiholela, nikaonekana sina adabu. Tupakane majivu kwanza, mimi na Mtukufu, mbele ya watu, kama wazee walivyofanya.”

“Majivu? Majivu tu?” Waziri nusura acheke, kisha akakumbuka yuko hatua ya ngapi, akajiachia akacheka kabisa. “Tayari!”

Alipokwenda, Mwajabu alikaa kwenye gunia la mkaa. Aliogopa, tusidanganyane. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha huu ungeweza kumwagikia yeye: badala ya kumtoa Ngwali, wangeingia wawili. Lakini alikumbuka ule ukuta wa Jumamosi na kimya chake, akaona bora hivyo kuliko vile.

Siku ikawadia. Mji mzima uliamriwa kuja, na ukaja, ukajipanga kimya mbele ya ikulu. Mtukufu Kunjamana alitoka na joho lake, akasimama langoni chini ya sanamu yake, sura mbili moja kubwa moja ndogo, zote zimekunjamana. Bwana Kadiri aliegemeza mgongo kwenye nguzo ya lango, chaki mkononi. Mwajabu akaja na kifuu cha majivu ya jikoni kwake. Akachovya kidole, akampaka Mtukufu paji la uso. Mtukufu naye, kwa ncha ya kidole kama anayegusa chura, akampaka Mwajabu. Wazee wachache katika umati waliona kitendo kile wakatazamana, na mmoja akamfinya mwenzake.

Kisha wakamleta Ngwali. Alikuwa amebaki macho na masikio. Mwajabu akamshika mkono, ukawa mwepesi kama ufagio.

“Hujambo, baba?”

Ngwali akanong'ona. Yeye, ambaye zamani akikuita ng'ambo ya soko unasikia! “Hakimo tena, Mwajabu. Nimekitafuta. Wamekitoa kweli.”

Mwajabu akaukaza ule mkono. Waziri Tayari alikuwa anamnyooshea karatasi yenye mizaha mitatu iliyopitishwa na kamati, wa kwanza ukisema kwamba Mtukufu ni mkarimu kiasi kwamba hata kivuli chake anagawa. Nyuma yake Bwana Kadiri alikuwa tayari ameinua mguu wa hatua ya kwanza.

“Mkuu wenu hajambo?” akauliza mpimaji.

Mwajabu akaitazama karatasi, akaiachia ikaanguka. Hakuwa na hamu ya kucheka, alikuwa na hamu ya kumng'ata mtu. Akamsogelea Mtukufu, akajiinua kwa vidole vya miguu, magoti na maumivu yake yote, akachungulia ndani ya tundu la pua yake, kwanza la kulia, kisha la kushoto, taratibu, kama mama anayekagua yai kwenye mwanga. Halafu akageuka, akajibu kwa sauti ya kule kiwandani:

“Hajambo! Ila tumpe nafasi, jamani. Humu ndani kuna mtu anaatamia!”

Halafu, juu, kwenye ile pua ya shaba, shomoro akachungulia kuona nani anamtaja.

Kikaanza kama kikohozi. Mwajabu aligeuka akidhani Ngwali anakabwa. Mabega yalikuwa yanamruka, mdomo umeachama, mkono mwembamba unaonyesha juu vile vile kama siku ile. Kikakwama, kikakwamuka, na kicheko cha miezi kumi na minne kikatoka chote kwa mkupuo, mpaka Ngwali akakaa chini mavumbini na machozi yanamtiririka. Mwajabu akaketi pembeni yake naye akacheka, na kulia, na kucheka. Umati ulijizuia kwa muda, mashavu yamevimba, kisha ukapasuka.

Bwana Kadiri alikuwa bado na mguu mmoja hewani. Akautazama, akaurudisha pale pale ulipotoka.

“Sijaanza,” akasema kwa mshangao, “na nimemaliza.” Akachora mstari wake mguuni pa lango, akaandika: sifuri.

“Kichwani mwa meza!” Waziri Tayari akapiga kelele. “Mtukufu, tumeketi kichwani mwa meza!”

Na Kunjamana alichotakiwa kufanya, wallahi, ni kunyamaza tu mpaka saa nne. Lakini mtu ambaye hajawahi kuchekwa ana kwa ana hajui mahali pa kuuweka uso wake. Mishipa ikamsimama shingoni, majivu yakamteremkia nyusi, akanguruma:

“Wakamateni! Wote wawili! Wakamateni!”

Sajini Tupa, mkuu wa walinzi, jitu la miraba minne, alipiga hatua mbili mbele, akasimama. Akaitazama ile alama ya majivu kwenye paji la Mtukufu. Akavua kofia yake pole pole, akaikumbatia kifuani.

“Mtukufu,” akasema, “bibi yangu mzaa mama ni Msaramba.”

“Na wangu,” akasema mlinzi wa pili.

“Wangu ni wa kuumeni, lakini Msaramba vile vile.”

Ndivyo ilivyokuwa Fumbato: Wakunja walioana wao kwa wao kwa kulinda heshima, na Wasaramba waliolewa kila nyumba. Hapakuwa na mtu katika umati ule asiye na bibi Msaramba. Sajini akaugeukia umati, macho chini, sauti ya huzuni kuu.

“Ndugu zangu,” akasema, “poleni kwa msiba.”

Wewe! Yakaanza maombolezo. Akina mama wa kiwandani walishika viuno na vichwa, wakajitupa chini kwa mpangilio, kila mmoja akichagua mahali pasipo na tope. “Ametuacha, ametuacha, na kwenye mifuniko ya sufuria nani atatuonyesha uso!” Mzee mmoja akaigiza mwendo wa marehemu, kifua mbele na makalio nyuma, mbele ya marehemu mwenyewe. Vijana wanane waliingia ikulu wakatoka na kitanda cha Mtukufu, cha shaba, na godoro lake. Akalazwa. Akapiga teke shuka, akafunikwa tena, kwa upole, kama inavyostahili maiti. Alipaza sauti kutoa amri, lakini kila amri aliyoitoa wafiwa waliitikia “Maskini, alikuwa anapenda kusema hivyo!” mpaka mwisho akaishiwa. Waziri Tayari alisimama peke yake langoni kitambo kidogo. Kisha akamkumbuka bibi yake, ghafla, akakimbia kushika mguu wa kitanda.

Wakambeba. Barabara nzima, mtaa kwa mtaa, wakilia na kucheka kwa sauti mahali ambapo jana yake tu walinyata kwa vidole vya miguu. Bwana Kadiri alifuata nyuma akihesabu hatua, kwa mazoea tu, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Ngwali alitembea ameegemea bega la mkewe, kila baada ya hatua chache anasimama kwa kubanwa na mbavu. Walipofika kiwandani walikitua kitanda mbele ya kibanda, ambapo chaki ya mwaka jana ilikuwa bado inaonekana, na Mwajabu akawasha moto kwa sababu watu walikuwa na njaa.

Bwana Kadiri akakisogelea kitanda, akavua kofia.

“Hongera, Mtukufu. Nchi yako ni ya kwanza katika Nyanda Saba. Kiti cha kichwani mwa meza ni chako, ukishuka.”

Kidole kimoja kikajitokeza chini ya shuka, kikamwita Waziri Tayari, naye akainamisha sikio. Mtukufu akanong'ona. Waziri hakusikia. Akanong'ona tena. Watu wote wakasogea, sasa kimya, kimya kingine si kile cha ikulu, na bado hakuna aliyesikia, mafuta tu yakichemka kikaangoni.

Mwajabu akaja na sahani ya mihogo, akaiweka kwenye godoro karibu na kichwa. Hakuwa na hasira tena.

“Sema kwa sauti, mtani,” akamwambia. “Hapa ni hatua ya elfu tatu mia moja na kumi na saba. Hapa watu husema.”

Shuka likaanza kutikisika. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba alikuwa anacheka, na wapo wanaoapa kwamba alikuwa analia, na Ngwali, ambaye anavijua vyote viwili, ukimuuliza anajibu kwamba mwanzoni vinafanana. Bwana Kadiri alipiga goti kando ya kitanda na chaki yake, akasubiri asikie ni kipi.